Mbona mashine inakagua diski kila ikiwaka? Maswali yenu na majibu ya fundi

Tangu mvua zianze barua nyingi mnazotuma ni za kitu kimoja, umeme unakatika, ukirudi kompyuta ikiwashwa inaanza kukagua diski. Nimechukua tano tu maana zingine zinafanana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwahiyo kama yako haipo soma hiyo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina stesheneri hapa Morogoro, natumia kompyuta ya mezani ya mtumba ina Windows 10. Umeme kwetu siku hizi unakatika bila hodi, ukirudi nikiwasha mashine inaniletea skrini nyeusi inasema inaskani na kurekebisha diski C, asilimia zinapanda taratibu, kuna siku zinaganda palepale na wateja wamejaa mlangoni wanataka fotokopi. Kijana mmoja kaniambia nibonyeze kitufe chochote niruke, mwingine kasema nizime kwa kushikilia pawa niwashe tena, mwingine anataka nimpe hela apige Windows upya. Nimsikilize nani?
*Mama wa stesheneri, Morogoro*

JIBU: Nzuri mama, pole na kazi. Usimsikilize hata mmoja, na huyo wa tatu ndo kabisa mwambie asubiri, maana kupiga Windows upya juu ya diski ambayo hatujajua ina nini ni kutupa hela.

Kinachofanyika hapo ni hivi. Kila sehemu ya diski, yani hiyo C na D kama unayo, ina alama ndogo ndani yake ambayo Windows inaiweka ikihisi mambo hayako sawa, tuiite doa. Mashine ikiwaka, kabla hata haijakuonyesha pa kuweka paswedi, kuna kiprogramu kinaitwa autochk kinaamka kuangalia hilo doa lipo au halipo. Kama halipo kinapita kimya wala hujui kama kilikuwepo. Kikilikuta ndo kinaanza kukagua na kukuandikia asilimia.

Doa linatokea wapi? Ukisevu barua ya mteja kompyuta inafanya vitu kadhaa kwa mpigo, inaandika jina la faili, inaandika faili lenyewe limekaa wapi kwenye diski, inapunguza hesabu ya nafasi iliyobaki. Umeme ukikatika katikati unabaki na jina lisilo na mahali, au mahali panapohesabiwa pako wazi kumbe pana kitu. Mfumo wa mafaili unaotumiwa na Windows yako, NTFS, ambao upo tangu 1993 ulipokuja na Windows NT 3.1, una ujanja wake kwa hili, kabla haujagusa kitu unaandika kwanza kwenye logi kile unachotaka kufanya, kama wewe unavyomwandika mtu kwenye daftari la mkopo kabla hujamkabidhi rimu ya karatasi, mkija kubishana unafungua daftari. Kwahiyo mara nyingi umeme ukikatika Windows inasoma hiyo logi kwa sekunde chache, inamalizia kilichobaki nusu au inakifuta, na mashine inawaka kawaida bila ukaguzi wowote.

Zamani haikuwa hivyo. Waliotumia Windows 98 wanakumbuka, FAT32, mfumo wa mafaili wa wakati huo, haikuwa na logi, ukizima vibaya mara moja tu lazima ScanDisk, kiprogramu chake cha kukagua, ikusubiri na skrini yake ya bluu, tena inakuambia ili usiuone tena ujumbe huu uwe unazima kompyuta kwa utaratibu, yani mtu umekatiwa umeme na bado unapewa semina.

Sasa kwako ukaguzi unakuja kila umeme ukirudi, na hapo kuna mawili. Ama kweli kila mara NTFS inakuta mkanganyiko ambao logi imeshindwa kuumaliza, au, na hapa ndo nina wasiwasi zaidi, ukaguzi wenyewe haujawahi kufika mwisho hata siku moja. Doa linafutwa pale tu ukaguzi unapokamilika. Ukiruka leo, kesho unaukuta, ukizima kwa pawa ukiwa asilimia 40 unaukuta na pengine umeongeza tatizo maana huenda ndo ulikuwa unaandika marekebisho. Hakuna komandi ya kulifuta kwa mkono, ile komandi ya fsutil inaweza kuliweka na kuliangalia ila kulitoa haiwezi, na wametengeneza hivyo kusudi.

Kwahiyo chagua jioni moja ukishafunga duka na umeme unaonekana umetulia. Kopi kwanza kazi za wateja na hesabu zako kwenye eksteno au flashi, hii usiiruke. Alafu andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bonyeza kulia, chagua kuifungua kama administrator, charaza hivi:

fsutil dirty query C:

Itakujibu kama C ina doa au haina. Alafu charaza chkdsk C: /f, hiyo ndo komandi ya ukaguzi wenyewe, itakuambia diski inatumika je ifanye mashine ikiwaka tena, jibu Y, alafu chagua Restart. Nasema Restart, usichague Shut down, maana Windows 8 na kuendelea ina ile Fast Startup, ukizima kwa Shut down haizimi kabisa, inalala nusu, na ukaguzi ulioupanga unaweza usifanyike.

Kuhusu kuganda. Ukaguzi wa /f mara nyingi ni wa dakika, unaangalia orodha ya mafaili, faharasa za mafolda na ruhusa zake basi. Unaochukua muda ni wa /r ambao unasoma kila sekta, yani kila kipande kidogo cha diski, hata zilizo tupu. Piga hesabu mwenyewe, diski ya GB 500 ikisomwa kwa MB 100 kila sekunde ni karibu saa moja na nusu, ya TB 1 ni karibu saa tatu, na hapo diski ni nzima, ikikutana na sekta mbovu inairudia rudia na ndo unaona asilimia imesimama nusu saa. Angalia taa ya diski mbele ya boksi, kama inacheza cheza iache ifanye kazi. Ikizimika kabisa kwa masaa, au ukasikia diski inagonga tik tik, hapo ni habari nyingine.

Ikishawaka, usiishie kufurahi kwamba imewaka, soma matokeo. Andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafuta, fungua Windows Logs, alafu Application, tafuta tukio namba 1001 ambalo chanzo chake ni Wininit. Ndani yake kuna maelezo yote ya ukaguzi. Mimi huwa natafuta mstari mmoja, ule wa KB ngapi ziko kwenye bad sectors, yani sekta mbovu. Ukisoma 0 huenda shida yako ni umeme tu. Ukikuta namba nyingine, au doa linarudi hata siku ulizozima vizuri, diski inaanza kuchoka, na kwa mashine ya mtumba hilo sio la kushangaa.

Hapo shusha programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe. Rangi ya bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu anza kutafuta diski nyingine leo. Angalia mstari wa 05 na C5, hizo ni sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuamuliwa, zikiwa zinapanda wiki hadi wiki usipoteze muda. Ila mstari wa C7 ukiwa ndo mkubwa na hizo zingine ziko sifuri, badilisha kwanza kebo ya SATA kabla hujanunua diski, maana C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao, na kebo ni ya bei ndogo mno.

Na mtu asikuambie upige chkdsk /r kwenye diski ambayo tayari ni ya njano na hujatoa vitu vyako. Kuilazimisha diski mahututi isome kila sekta ndo kuimalizia. Kopi kwanza, mengine baadae.

Mwisho mama tafuta UPS, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Haihitaji kuwa kubwa, inatakiwa ikupe dakika za kusevu na kuzima basi, ila printa ya leza na mashine ya fotokopi usizichomeke upande wa betri, zinavuta umeme mwingi sana zikipasha moto na zitaiangusha hiyo UPS pamoja na kompyuta. Kama ulishawahi kununua UPS ukaona haisaidii cheki betri yake, ikikaa miaka mitatu minne nyingi zinakuwa zimebaki boksi tu.

SWALI: Sasa fundi. Niko Nakuru, nasoma diploma. Laptopu yangu betri ilikufa kitambo kwa hivyo inategemea chaji tu. Stima ilipotea nikiandika ripoti, iliporudi mashine ikafanya ile kitu ya kucheki diski mpaka ikamaliza, nikashukuru Mungu. Sasa faili ya ripoti iko pale, saizi ni ileile, lakini nikiifungua Word inasema imeharibika. Kama ilirekebishwa mbona haifunguki?
*Mwanafunzi, Nakuru*

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Ukaguzi ulirekebisha diski, ripoti yako haukuigusa. Watu wengi hawajui hii tofauti na ndo inawaumiza. Ile logi ya NTFS niliyomweleza mama hapo juu inalinda mpangilio tu, majina, mafolda, na faili limekaa wapi. Maneno uliyoandika ndani yake hayamo. Windows ukisevu inaweza kuyashikilia kwenye memori kidogo kabla ya kuyapeleka diski, umeme ukikatika hapo jina na saizi vimeshaandikwa ila yaliyomo hayajafika, unabaki na faili ambalo ndani limejaa sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Diski inaliona zima kabisa, ndo maana ukaguzi haukulalamika.

Lifungue kwa Notepad uone. Ukikuta patupu au alama moja inajirudia kurasa zote usimlipe mtu yeyote anayesema atalirekebisha, hakuna cha kurekebisha humo. Ukiona kuna vitu vingi vya ajabu ajabu visivyosomeka hiyo ni afadhali, Word yenyewe ina Open and Repair, ukiwa unafungua faili bonyeza kile kimshale pembeni ya neno Open utaiona.

Tafuta kwingine pia. Word kwa kawaida inajiwekea nakala ya dharura kila dakika 10, kwahiyo fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, alafu chagua ile ya kurudisha nyaraka ambazo hazikuseviwa. Au tafuta kwenye kompyuta nzima mafaili yanayoishia na .asd. Kuna pia folda inaitwa found.000 ambayo ukaguzi unaiacha kwenye C, imefichwa kwahiyo lazima uwashe kuona vitu vilivyofichwa, ndani yake kunakuwa na mafaili ya FILE0000.CHK na kuendelea, hivyo ni vipande ambavyo ukaguzi ulivikuta havina mwenyewe. Kopi pembeni kile chenye saizi inayokaribia ya ripoti yako, kipe mwisho wa .docx ujaribu kukifungua. Sikupi matumaini makubwa, ila nimeshaona watu wakipata kurasa zao humo. Na kama uliwahi kumtumia msimamizi wako rasimu kwa imeili kaitafute kwenye zilizotumwa, wengi wanasahau.

Ukianza kuandika upya punguza zile dakika 10 ziwe 2, iko File, Options, Save.

SWALI: Fundi mambo. Nimechoka na huu ukaguzi, nataka kuuzima moja kwa moja. Nimesikia kuna komandi.
*Msomaji, Ubungo*

JIBU: Poa. Ipo, ni chkntfs /x C: na ukitaka kurudisha kama mwanzo ni chkntfs /d. Ila elewa unachozima, doa linabaki palepale, umeiambia tu Windows isiliangalie. Kama kinachokukera ni zile sekunde inazohesabu kabla ya kuanza, zipunguze kwa chkntfs /t:3, itahesabu tatu tu. Kwa mtu ambaye diski yake ni ya njano na anataka mashine iwake tu dakika chache akopi vitu vyake, hapo nakubali /x ina maana. Zaidi ya hapo mimi siiweki kwenye mashine ya mtu.

SWALI: Habari fundi, flashi yangu kila nikiichomeka Windows inasema ina tatizo niiskani. Nikiskani inasema haina tatizo lolote, kesho tena vilevile. Ni kirusi?
*Dada wa Kigoma*

JIBU: Salama dada. Kirusi kinaweza kuwepo kwa sababu zake ila huo ujumbe sio wa kirusi. Flashi nyingi zinakuja na mifumo ya mafaili ya FAT32 au exFAT na zenyewe zina doa lao, linawekwa pale kompyuta inapoanza kuandika na linatolewa kuandika kukiisha vizuri. Wewe unaichomoa mapema. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2018 lilibadilisha mpangilio likafanya flashi ziandikwe papo hapo, kwahiyo wengi tunachomoa bila kubonyeza Eject na mara nyingi inakubali, ila ukichomoa kopi bado inaenda, au umeitoa kwenye deki, redio ya gari au tv ambayo bado inaisoma, doa linabaki. Skani, ikisema hamna kitu shukuru. Siku ikikuambia uifomati ndo utumie, hapo usikubali kama kuna vitu unavihitaji, mpelekee fundi wa kurudisha mafaili kwanza.

SWALI: Asalaam aleykum fundi. Mimi ni mwalimu Pemba, skuli yetu ina maabara ya kompyuta za zamani tulizopewa msaada, zote zina Ubuntu. Umeme ukikatika wanafunzi wapo ndani, baadhi zikiwashwa zinaishia kwenye maandishi ya initramfs, haziendelei. Na kuna tatu ambazo zinakagua diski kila asubuhi hata jana yake tukizizima vizuri mbele ya macho yangu. Diski zimekufa?
*Mwalimu, Wete*

JIBU: Waaleykum salaam mwalimu. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Zile zinazoishia initramfs soma mistari ya juu kidogo, kutakuwa na sentensi inayosema uendeshe mwenyewe fsck, yani kiprogramu cha Linux cha kukagua diski, na imetaja jina la sehemu ya diski, mfano /dev/sda1. Linux, ambayo Ubuntu yenu ni aina yake, nayo ina logi, kwenye mifumo yake ya mafaili ya ext iliingia na ext3 mwaka 2001 na ext4 ya sasa imerithi, na kawaida inajirekebisha yenyewe sekunde mbili tatu, hapo imekuta kitu ambacho haitaki kukiamua bila ruhusa yako. Charaza fsck -y /dev/sda1, ukiweka jina uliloliona wewe, hiyo -y inajibu ndiyo kwa kila swali, isubiri, alafu charaza reboot. Kwa mashine za maabara ambazo hazina kazi za mtu za maana hiyo inatosha. Mashine ya ofisi ya mwalimu mkuu yenye matokeo ya mitihani usiifanyie hivyo kabla diski haijakopiwa. Vipande visivyo na mwenyewe utavikuta kwenye folda ya lost+found.

Hizo tatu za kila asubuhi, kabla hujazilaumu diski angalia tarehe. Zikiwaka, kabla hazijapata intaneti, zinaonyesha mwaka gani? Nina uhakika mkubwa utakuta 2009 au 2012 huko. Betri ndogo ya kwenye ubao imekufa, saa inarudi nyuma kila umeme ukitolewa ukutani. Mchana mashine inapata tarehe sahihi kutoka intaneti, inaiandika kwenye diski kwamba mara ya mwisho nilitumika leo, usiku mnazima soketi, asubuhi inaamka inajiona iko 2009 na diski inayosema ilitumika miaka mingi mbele. Kwa fsck hiyo ni dalili ya kitu kuharibika, hasa Ubuntu za zamani, kwahiyo inakagua. Kesho tena.

Betri ni CR2032, ile bapa kama sarafu, maduka ya saa wanayo. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua boksi, chomoa ya zamani, weka mpya upande wenye jumla ukitazama juu. Ukiwasha ingia kwenye seti ya BIOS uweke tarehe na saa, sevu, alafu iache ikague mara hiyo moja. Ukibadilisha moja ukaona imetulia nenda kwa hizo mbili, na kama kuna ambayo bado inakagua na tarehe iko sawa hiyo ndo tuongee habari ya diski, niandikie ujumbe wake unasemaje.